Piki-piki Yako: Ongeza Kinachokulinda, Acha Kinachokulemea



Saa ya kubadilisha zamu, piteni mahali piki-piki zinaposimama, mtazame vizuri. TVS na Haojue ndizo nyingi, zile zile ambazo vijana wa wewa wanabebea watu mjini. Lakini katikati yao mtaona zile ndefu za njia mbaya: gurudumu la mbele kubwa, kizuia-matope kimepanda juu, kiti chembamba. Ni Yamaha XTZ 125, na kwa mzee mmoja mmoja aliyejua kutunza mali yake, DT 125 au AG 100. Na karibu hakuna hata moja iliyobaki namna ilivyotoka dukani. Moja imeongezwa taa nne, nyingine vyuma vya kukinga miguu, nyingine sanduku la bati nyuma, nyingine gidoni pana, nyingine bomba la moshi linalolia kama mashine ya kutoboa mwamba.

Mimi si adui wa mambo haya. Mtu aliyetoa jasho akanunua piki-piki ana haki ya kuifanya iwe yake, na njia zetu zinadai zaidi ya kile kinachouzwa dukani. Anayekaa Likasi au Kolwezi anajua: kiangazi ni vumbi, wakati wa mvua ni matope, na saa zote ni makamyo ya shaba na kobalti. Neno langu ni hili: wengi wanaongeza vitu kwa kufwata macho, na feza inakwisha mbele ya kufika kwenye vitu vinavyolinda roho. Utakuta taa nne zinameta juu ya piki-piki ambayo freni yake ya nyuma imeshikwa na waya. Bibi nyumbani akiuliza, «Baba, zile taa zimekula mifuko mingapi ya unga?», hiyo si kelele. Ni ulizo zuri, na mwenye taa afikiri mbele ya kulijibu.

Tena tazameni namna tunavyofanya kazini. Mbele ya kuwasha mashine, dereva anaizunguka, anatazama mafuta, mipira, taa, freni. Hakuna dereva wa kamyo la mgodi anayeweza kuamka asubuhi, akalehemu chuma chake mwenyewe kwenye kamyo kwa sababu kinapendeza. Mabadiliko yote yanapita kwanza kwa watu wa matengenezo, nao wanauliza: uzito wake kiasi gani? Kitagusa nini? Kitazuia nini? Nyuma ya zamu, mtu yule yule anavuka mlango wa kampuni, anapanda chombo ambacho kila kitu juu yake kimewekwa bila hata moja ya maulizo hayo. Je, mwamba ndio unaoua peke yake? Lami nayo ni mwamba.

Jambo hili limechunguzwa, na si jana. Katika Marekani, Harry Hurt wa University of Southern California, pamoja na wenzake, walichunguza ajali 900 za piki-piki katika Los Angeles. Hawakungoja karatasi za polisi tu, walikwenda wao wenyewe mahali pa ajali. Matokeo yalitoka mwaka 1981. Los Angeles si Kolwezi, na miaka mingi imepita, lakini mfupa wa mguu haujabadilika. Mambo 3 katika kazi ile yanatuhusu sana. La kwanza: piki-piki zilizogeuzwa kwa kufwata mitindo ya wakati ule, zile za uma mrefu na gidoni ya juu au zile za kumwinamisha dereva kama wa mashindano, zilionekana kwenye ajali kupita hesabu yao njiani. La pili: dereva wa gari aliyeigonga piki-piki mara nyingi hakuwa ameiona, au aliiona wakati umekwisha. Aliyewasha taa ya mbele mchana, na aliyevaa koti la manjano, la machungwa au jekundu la kuwaka, alipatikana na ajali za namna hiyo kidogo zaidi. La tatu litawaudhi wengi: vile vyuma vya kukinga miguu havikukinga miguu. Walipohesabu majeraha, walikuta kwamba kile kilichopungua kwenye kifundo na unyayo kiliongezeka kwenye goti, paja na mguu wa chini.

Sisemi uving'oe. Vyuma hivyo vina kazi yao, nayo ni kukinga motere. Piki-piki ikianguka kwenye matope, kifuniko cha motere hakipasuki na mafuta hayamwagiki, unaweza kurudi nyumbani. Ni faida kubwa kwa mtu aliye kilometa 40 mbali na fundi. Lakini usidanganyike kwamba umenunua mguu mpya. Kinacholinda kifundo ni bote iliyopanda juu ya kifundo. Wengi wetu tunazo tayari, zile za kazini zenye chuma kwenye vidole. Angalieni kitu kimoja tu: pua ya bote ya kazi ni nene, mara nyingine haiingii vizuri chini ya kigingi cha kubadilisha gia. Kigingi kile kinaweza kuinuliwa kwa kulegeza buloni moja, kukisogeza jino moja na kukaza tena. Ni kazi ya dakika 5, na haina bei.

Ukitaka shauri la bure juu ya nini kinafaa kuongezwa, tazama AG 100 ya mzee. Herufi AG zinatoka kwenye neno la kilimo. Ni piki-piki ya shamba, ya kufwata ng'ombe na kondoo mahali pasipo na barabara. Motere yake ni ya sentimeta za ujazo 97 tu. Lakini angalieni ni nini waliotengeneza waliona kinahitajika: mnyororo umefungwa wote ndani ya sanduku lake, vumbi na matope haviuoni. Vyuma vinakinga mikono na vishikio. Kuna kibebeo cha mizigo mbele na kingine nyuma, ili uzito ugawanyike. Motere imezungukwa na chuma. Basi. Hakuna bati la kumeta hata moja. Kijana anaicheka kwa sababu ina sura ya punda, lakini punda anafika.

Sasa tuje kwenye mizigo, maana hapa ndipo naona hatari kubwa kuliko zote. Portebagaje ndiyo kitu cha kwanza ambacho kila mtu anaongeza, na fundi wa kulehemu anaifanya ndefu kadiri mwenyewe anavyotaka. Tupige hesabu. Tuseme kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni sentimeta 135, kadiri ya piki-piki ndogo ya namna hii. Umeweka mfuko wa unga wa kilo 25 na vitu vingine, jumla kilo 30, na katikati ya mzigo iko sentimeta 40 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 30 kwa 40, gawanya kwa 135: karibu kilo 9 zimeondolewa kwenye gurudumu la mbele, na gurudumu la nyuma limepata karibu kilo 39, si 30. Gurudumu la mbele ndilo linalogeuza, tena ndilo linalobeba kazi kubwa ya kusimamisha. Ndiyo sababu ukipanda kilima na mzigo, gidoni inakuwa nyepesi mikononi kama ya kinga ya mtoto. Ukiweka mzigo ule ule sentimeta 40 mbele zaidi, juu kabisa ya ekseli, hasara ile inakwisha yote. Ukiushusha kwenye mifuko miwili ya pembeni, ni vizuri zaidi, maana mzigo wa juu unavuta piki-piki chini kila unapoinama.

Mfuko wa makala uliosimama nyuma ya kichwa cha dereva, sitausemea mengi. Kila mmoja wetu ameuona njiani. Wala bidoni ya plastiki ya esanse iliyofungwa kwa mpira karibu na bomba la moshi. Tanki la XTZ 125 linachukua zaidi kidogo ya lita 10, na motere ya namna ile haili sana. Safari gani kati ya Lubumbashi na Likasi, kilometa kama 120, inahitaji bidoni?

Juu ya kulehemu, neno fupi kwa mafundi wenyewe, maana wengi ni wenzetu wa shodroneri wanaofanya kazi hii siku ya mapumziko. Fremu ya piki-piki ni bomba jembamba. Moto wa kulehemu unabadilisha chuma pembeni ya mshono, na mtikisiko wa njia unakuja kumaliza kazi mahali pale pale. Portebagaje ifungwe kwa buloni kwenye matundu ambayo kiwanda kilitoboa, au kwa vishikio vinavyokumbatia bomba. Na kama ni lazima kulehemu kitu kilicho kwenye piki-piki, ondoa kwanza nyaya za bateri, na tanki la esanse lipelekwe mbali. Kazini mngeomba karatasi ya ruhusa ya moto kwa kazi kama hiyo. Esanse ya nyumbani haina huruma kuliko ya kampuni.

Taa. Hapa ninakubali kwamba watu wana sababu. Taa ya mbele ya piki-piki ndogo ni dhaifu, na anayetoka zamu ya usiku anahitaji kuona shimo mbele ya kuingia ndani yake. Lakini umeme hautoki mbinguni. Taa mbili za zamani za wati 55 kila moja ni wati 110. Kwa umeme wa volti 12, hizo ni zaidi ya ampea 9. Bateri ya piki-piki ndogo ni ya ampea-saa 5, 6 au 7. Kama motere hairudishi kitu, bateri ya 6 inakauka katika dakika kama 40, na kwanza kabisa utaona taa ya nyuma inakuwa nyekundu ya kufa. Umeangaza mbele, umejizima nyuma, na nyuma ndiko kamyo linakotoka. Taa za LED za wati 10 zinakula chini ya ampea 1 kila moja, hizo zinafaa. Weka fyuzi karibu na bateri, weka swichi yake peke yake, na uziinamishe chini. Taa inayomchoma macho dereva wa kamyo haikusaidii, maana kwa sekunde kadhaa anaendesha kipofu, na aliye mbele yake ni wewe.

Kuonekana ni rahisi kuliko kuangaza. Ile jile ya machungwa yenye mistari ya kuwaka ambayo tunaivua mara tu tukifika mlangoni, ivae mpaka nyumbani. Lakini ukivaa mfuko mgongoni, umeifunika. Tia mkanda wa kuwaka kwenye mfuko wenyewe, na kwenye masanduku ya pembeni. Ndani ya vumbi la kiangazi, nyuma ya msafara wa makamyo, mkanda ule ni kitu cha pekee kinachosema kwamba kuna mtu. Na katika vumbi kama lile, ndugu, usipite. Kwa kilometa 60 kwa saa, sekunde moja ni karibu mita 17. Ngoja vumbi lianguke.

Vijana wengi wanapenda mipira ya meno makubwa, na mipira mipana kuliko ile ya kiwanda. Kwa shamba lenye matope ni sawa. Lakini jiulize unapita wapi siku 6 kwa juma. Kama ni lami ya kwenda mgodini, meno yale yanagusa barabara kidogo tu, na lami ikilowa piki-piki inachelewa kusimama. Mpira mpana juu ya ukingo mwembamba unabanwa, sura yake inaharibika, na pengine unasugua mnyororo. Namba zimeandikwa ubavuni, zifwate. Tena, aliyepunguza hewa kwa sababu ya mchanga airudishe akifika lami, kwani mpira wenye hewa kidogo unapata moto na unaweza kutoka kwenye ukingo.

Kuna badiliko moja rahisi ambalo mimi nalipenda kuliko mengi, nalo ni lile gurudumu dogo la meno la mbele, pinyo. Tuseme la mbele lina meno 14 na la nyuma 49. Ukiweka la meno 13, nguvu ya kuvuta inaongezeka karibu asilimia 8, na mahali ulipokwenda kilometa 60 kwa saa sasa unakwenda kama 56, motere ikizunguka vile vile. Kwa anayebeba mzigo kwenye vilima ni faida mbili, anapanda bila kuchoma klachi na anashuka motere ikimsaidia kushika. Mnyororo utachakaa upesi kidogo, kwa hiyo utazame: katikati, chini, uwe na mchezo wa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha piki-piki. Upime na wewe mwenyewe ukiwa umekaa juu pia. Mnyororo uliokazwa kama kamba ya ngoma unakatika njiani, na ukikatika unaweza kufunga gurudumu la nyuma.

Bomba la moshi la kelele, nalo? Watu wanasema, «Kelele inaniokoa, wananisikia.» Dereva wa kamyo aliyefunga vioo hasikii kitu. Anayesikia ni wewe. Na masikio yetu tayari yamelipa kodi yao kazini. Kipimo kinachofwatwa katika nchi nyingi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, wakati unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa. Mtu aliyemaliza zamu karibu na mashine ya kusaga mawe amekwisha kula sehemu yake ya siku. Bomba la namna ile njiani kurudi ni deni ambalo sikio halitasamehewa, kwani kiziwi cha kelele hakina dawa. Na wale wanaotoboa sanduku la hewa ili motere «ipumue», wajue kwamba hapa kwetu inapumua vumbi la mgodi. Sponji ya hewa ioshwe na kutiwa mafuta mara kwa mara, hiyo ndiyo nguvu ya kweli ya motere.

Nimeacha kaske kwa makusudi, kwani si kitu cha piki-piki, ni kitu cha mtu, na kwa sababu hiyo katika bei ya kupamba haihesabiwi. Ndiyo makosa yenyewe. Ninaona wenzetu wanarudi nyumbani juu ya piki-piki na kaske ya kazini kichwani. Kaske ile ilifanywa kwa jiwe au chombo kinachoanguka kutoka juu. Haikufanywa kwa kichwa kinachotupwa ubavu juu ya lami, na mara nyingi inaruka mbele ya kichwa kufika chini. Ya piki-piki ina povu nene pande zote na mkanda wa kidevu. Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane waliweka pamoja kazi nyingi zilizofanywa katika nchi mbalimbali, wakakuta kwamba kaske inapunguza kufa kwa asilimia kama 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia kama 69, kwa wale waliopatikana na ajali. Dukani tafuta alama ya E ndani ya duara, pamoja na namba za kipimo cha 22.05 au 22.06, imeshonwa kwenye mkanda. Ukiitikisa kichwani isicheze. Na ile iliyokwisha gonga chini mara moja na kichwa ndani, usiiuze kwa mwenzako.

Mimi nikiulizwa na kijana aliyenunua XTZ 125 na amebaki na feza kidogo, ninamjibu hivi: kaske kwanza, kisha freni na mipira, kisha mnyororo na pinyo, kisha vyuma vya mikono na bamba la chini ya motere, kisha mifuko ya pembeni, halafu taa mbili ndogo. Bomba, rangi na kioo cha mbele vingoje mwaka mwingine. Najua atanicheka. Kampuni nayo ingefanya vema kutupa kipande cha ukuta na kivuli mahali pa piki-piki, pampu ya hewa na kipimo chake, na fundi mmoja wa matengenezo apite mara moja kwa mwezi kuzungumza na wenye piki-piki bila kuwapiga faini. Mashine zinapewa fundi kila siku. Watu wanaoziendesha wanafika juu ya magurudumu mawili.

Na uliyekwisha funga kitu kipya jana, fanya hivi kesho mbele ya kuondoka: geuza gidoni kabisa kushoto, kisha kabisa kulia, motere ikiwaka. Kama motere inapandisha sauti yenyewe, waya wa gesi umebanwa. Kama kishikio kinagusa tanki au kioo, rudisha gidoni yako ya zamani. Bonyeza freni zote mbili, mtu akitazama taa ya nyuma. Buloni za portebagaje zikazwe upya nyuma ya kilometa 50 za kwanza za njia mbaya, na tena kwenye 200. Funguo namba 10 na 12 zikae chini ya kiti.